Dirisha Pana la Nae

Breaza, 3 Septemba 2019

Mwanangu Smaranda,

Kuna jambo nimekuficha tangu mwaka 1996. Wiki hii nimeliandika mara tatu, na mara tatu nimeitia karatasi jikoni pamoja na kuni. Kwa hiyo ukiona mwandiko unatetemeka, usidhani ni ugonjwa peke yake. Jumatano iliyopita daktari alinisikiliza moyo, akaniambia nisinunue kuni za msimu mzima. Ni mtu wa mizaha. Nilimwelewa.

Jambo lenyewe nitalisema. Lakini kwanza nina maagizo matatu, na nakuomba uyafuate kabla hujajua sababu, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo.

Ukuta wa katikati wa fleti namba tatu usiguswe. Umeniandikia kwamba unataka kuuvunja na kuigawa fleti ile iwe vyumba vya wanafunzi. Usivunje, wala wanafunzi wenyewe usiwapokee. Pili, Bibi Eufrosina asihamishwe humo mpaka niseme mimi. Tatu, wewe mwenyewe ondoka namba mbili, urudi kulala hapa Breaza, uwe unakwenda Bukaresti asubuhi kwa treni na kurudi jioni. Tangu ulipohamia kule mwezi wa Aprili sijapata usingizi wa maana.

Usinipigie simu. Nikiiweka sikioni nasikia mzinga wa nyuki tu. Andika.

Baba yako,
Corneliu Vâlsan


Bukaresti, 7 Septemba 2019

Baba,

Salamu nimeziacha kwa makusudi.

Miaka kumi na minane nimewafuta midomo wazee wa watu kule Torino. Nilichovuna chote nimekizika katika nyumba hii, kwa sababu uliniambia babu aliijenga mwaka 1936, serikali ikaichukua, wewe ukapigana mahakamani mpaka ikarudi, na siku moja itakuwa yangu. Haya, imekuwa yangu. Ngoja nikueleze ulichonirithisha.

Boila lina umri wangu. Likiwaka, watu wa ghorofa ya nne wanavua mashati na wa chini wanavaa makoti, na wote wananigongea mimi. Paa lilikuwa linavuja kwenye ngazi. Fundi akapanda, akaziba, akalipwa, na sasa linavuja ndani ya vyumba. Mpangaji wa namba tano aliondoka Julai akachukua milango ya kabati. Si nguo, Baba. Milango. Wa namba sita alisema ana mbwa mdogo. Mbwa huyo akisimama anaweza kuzima taa. Ukungu wa bafu la namba saba nimeupaka rangi mara mbili na umerudi mara tatu. Upande wote wa mtaani milango haifungi. Mwaka huu nimemwita seremala aikwangue chini, na mwaka jana pia, nikiwa bado nalala Breaza. Mara hii aliniambia, "Mama, milango haikui." Nikadhani ananitania ili aongeze bei.

Halafu iko namba tatu. Fleti kubwa kuliko zote, yenye jua, juu kabisa ya duka la keki la mpangaji wetu Nae, na anaishi humo mwanamke mmoja ambaye hajalipa kodi tangu mimi nikiwa shuleni. Nikimwuliza, anasema, "Mwulize baba yako." Nikikuuliza wewe, unasema mwache. Unajua wanasema nini kwenye ngazi? Wanasema alikuwa hawara wako, na mama udongo wa kaburi lake ulikuwa haujakauka. Mzee Nae mwenyewe, nikimtaja Eufrosina, ananikonyeza. Mwanaume wa miaka sabini, ana unga kwenye nyusi, ananikonyeza.

Na sasa unanipa maagizo. Wewe ndiye uliyenitoa shuleni mwaka 1996, nikiwa na miaka kumi na saba, nikiwa nimekaa dawati moja na wenzangu tangu utotoni. Ukanipeleka Breaza kwa watu nisiowajua, kwa sababu mapafu yako yalihitaji hewa ya milimani. Sikusema neno, nilikuhurumia. Mapafu hayo hayo yamepasua kuni miaka ishirini na mitatu. Nilipokuja likizo kutoka Italia na kutaka kulala mjini usiku mmoja tu, niwaone rafiki zangu, ulinuna kama mtoto. Sasa nina miaka arobaini. Nalala ninapotaka.

Fundi Gică anaanza kazi Jumatatu tarehe 16. Wanafunzi kumi na wawili wanaingia tarehe 29. Nimeshikana mikono na mama zao. Ukuta unavunjwa.

Smaranda


Breaza, 10 Septemba 2019

Smaranda,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, mbele ya tarishi, na ilinibidi nijifanye naona habari njema.

Mama yako usimtaje tena katika sentensi moja na porojo za ngazini. Eufrosina Mateiaș hajawahi kuvuka kizingiti changu ila kuja kuazima chumvi, na hakuirudisha. Mwambie Nae akikukonyeza tena nitakuja kwa fimbo, nife hapo dukani kwake, katikati ya keki zake, wateja wakiona.

Unataka sababu? Ukuta ule unabeba. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, na somo moja tu nimewahi kulielewa kweli: uzito haupotei. Unatafuta njia ya kufika ardhini. Ukiuzibia njia hii unashika ile, na ile ikichoka unashika nyingine, mpaka njia zimalizike. Hiyo ni sababu ya kutosha kwa mtu mwenye akili.

Mwaka 1977, tetemeko lilipopiga, jengo la jirani lililala chini na watu wake ndani. Letu lilisimama. Lilisimama kwa sababu babu yako hakubana chuma wala saruji, na wakati wa ujenzi alikuwa akikaa pale na kiti chake, akihesabu ndoo. Nyumba ya namna hiyo haigawanywi kama mkate ili kuingiza wanafunzi kumi na wawili na masufuria yao.

Usisahau kwamba hati niliyokupa kwa mwanasheria ni ya kuisimamia nyumba, si ya kuimiliki. Jina lililo kwenye kitabu cha ardhi ni langu. Naweza kuifuta hati hiyo kesho, na kama Gică atainua nyundo nitaifuta.

Nilikuwa nimekaa kukuandikia lile jambo. Umenikasirisha, nimeliweka kando tena.

Baba yako


Bukaresti, 14 Septemba 2019

Bwana Mwalimu,

Huu ni mkono wa Eufrosina Mateiaș, wa namba tatu. Usiogope, sikuandikii kuomba kitu. Chumvi yako nitakurudishia mbinguni.

Binti yako amekuja kwangu na mwanaume mwenye penseli sikioni. Wamepima kitanda changu nikiwa nimekikalia. Amenipa mpaka tarehe ishirini na tano. Amenitafutia chumba huko mwisho wa reli, kizuri, anasema, kina bafu. Akaniita "bibi yangu". Nikamwambia mimi si bibi yake, na uzee ataukuta njiani, asiukimbilie. Kisha akaniuliza kwa ukali nilikufanyia nini wewe hata niishi bure. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Amefanana nawe akikasirika.

Sikumjibu. Lakini nimechoka kutojibu.

Unakumbuka siku ile nilivyosimama kwenye ngazi na gauni la kulalia, asubuhi kweupe, vumbi limejaa mpaka juu? Nilikwambia, "Bwana Mwalimu, mnakata mguu wa meza niliyoikalia mimi." Ukasema boriti ya chuma itabeba. Ulikuwa na karatasi yako ya hesabu mkononi, na ulinionyesha, kana kwamba mimi ningejua kuisoma. Nae alikuwa nyuma yako anacheka, anasema sasa keki zake zitaonekana kutoka kituo cha tramu. Wiki mbili baadaye ukanifuata ukaniambia nisilipe kodi tena, kwa kuwa nimefiwa na mume na wewe ni mtu wa huruma. Nikaipokea huruma hiyo. Nilikuwa mjane wa karani, sina kwangu kijijini wala mjini. Nilijua inanunua nini.

Tangu mwaka ule, kitunguu kikiniponyoka jikoni nakwenda kukiokota dirishani. Hakipotei njia hata siku moja. Mwanzoni kilikuwa kinatembea. Siku hizi kinakimbia.

Sikulaumu peke yako. Wapangaji walipokuja kutazama vyumba walinigongea wakaniuliza, "Nyumba imara hii, bibi?" Nami nikawajibu, imara. Nimewajibu hivyo watu wangapi, sijui. Wengine walikuwa na watoto mgongoni.

Mwambie wewe. Usipomwambia, Jumatatu nitamwambia mimi, mbele ya huyo mwenye penseli.

Eufrosina Mateiaș


Bukaresti, 19 Septemba 2019

Baba,

Jumatatu saa tatu Gică alianza. Alibandua plasta ya ukuta kiasi cha meza ya kulia, akatazama, akaiweka nyundo chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Ufa ulikuwa nyuma ya plasta, mpana kiasi cha kuingiza kidole, umejazwa magazeti na kupakwa juu.

Akaniuliza, "Dada, chini ya hapa kuna nini?"

"Keki," nikamwambia.

Tukashuka dukani. Gică akapanda kwenye kiti, akachomoa ubao mmoja wa dari. Nae akaja mbio. "Wewe, shuka, utamwaga vumbi kwenye krimu."

"Mzee, nguzo iko wapi?"

"Nguzo gani?"

"Ya kati. Juu iko, na kwenye ghala huko chini iko. Hapa haipo."

Nae akafuta mikono kwenye aproni. "Ah, hiyo. Ilikuwa inaziba keki."

Gică alitoka nje bila kuchukua tepu yake. Nilimfuata barabarani, nikamwambia nitaongeza malipo. Akasema, "Dada, mimi nina watoto wawili, na mdogo bado ananiogopa ndevu. Ngoja kwanza anizoee." Mpaka leo hajarudi kuchukua tepu.

Nilipopanda, Eufrosina alikuwa amekaa ngazini ananisubiri. Akanieleza. Kisha akaangusha kitunguu mbele yangu. Nimekaa nyumba hii tangu Aprili, nimekwangua milango, nimempigia kelele seremala, na imebidi kitunguu ndicho kinifundishe.

Nilikwenda kutafuta ramani za babu kwenye sanduku lako uliloliacha huku ghalani. Ramani sikuzipata. Ndani ya kopo la mapambo ya Krismasi, chini ya malaika wa kioo alionunua mama, nikakuta barua ya wataalamu wa jiji, ya mwaka 2008. Nyumba imewekwa daraja la kwanza la hatari. Likitokea tetemeko kama la 1977, haitasimama. Mwenye nyumba anatakiwa awajulishe wapangaji wote, na kibao chekundu cha duara kikae mlangoni. Chini, kwa mwandiko wako mzuri wa ubaoni: "Imepokelewa."

Unajua kibao hicho maana yake nini hapa mjini. Walevi wenyewe wakikiona wanavuka upande wa pili. Sasa nambie kiko wapi. Nimeling'oa sanduku la barua la pale mlangoni, lile la shaba ulilolileta mwenyewe kutoka Breaza na kulifunga kwa mikono yako mwaka ule, nikadhani unaipamba nyumba. Nyuma yake kuna matundu manne ya skrubu na alama ya duara.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukujua wewe. Wewe uliuziba kwa magazeti, ukaupaka rangi, ukaupangisha.

Nimewasimamia wapangaji hawa. Nimewadai, nimewatisha, nimemnyima mama wa namba saba fundi wa bafu kwa sababu alichelewesha kodi. Kumbe ni sisi tuliopaswa kuwaomba msamaha kila mwezi.

Wanafunzi wanafika Jumapili ya wiki ijayo. Mmoja mama yake amenipigia leo, amenituma nimnunulie mwanawe pazia la buluu, kwa sababu mwanga wa mtaani unamsumbua. Nimwambie nini mama huyu? Niandikie wewe, mwalimu, maneno ya kumwambia.

Na nijibu swali moja, moja tu. Kama ulikuwa unaamini boriti yako itabeba, kwa nini hukuniacha mimi nilale humu hata usiku mmoja?

Smaranda


Breaza, 23 Septemba 2019

Mwanangu,

Mwambie mama huyo hivi: "Nyumba hii ni mbovu na baba yangu alijua. Mtoto wako asije." Usiongeze neno, wala usiseme samahani kabla hajamaliza kukutukana. Warudishie wote walichotoa. Nimemwita dalali wa hapa Breaza, nyumba hii ninamolala inauzwa. Mnunuzi amekubali ningoje humu mpaka nimalize, na kwa mujibu wa daktari hatangoja sana. Kitakachopatikana ni cha kuwahamisha wapangaji, si cha kununua boila.

Nimeandika barua nyingine mbili leo. Moja ni ya kwenda jiji, waje warudishe kibao chekundu, na wakute jina langu chini ya maelezo yote. Nyingine ni ya Nae, afunge duka kesho. Atakuja kupiga kelele. Mwambie keki zitaonekana vizuri zaidi kutoka kwenye kifusi.

Eufrosina mlete huku kwangu. Chumba cha chini kina jua mchana kutwa, na sakafu yake nimeipima: kitunguu kinakaa kinapoangukia. Nilikuagiza asihamishwe namba tatu. Ulidhani ni mapenzi, na wengine walidhani ni huruma. Niliogopa mdomo wake. Nilimweka juu ya tundu lile lile nililolichimba, miaka ishirini na mitatu, ili asiseme kuna tundu.

Kibao nilikitoa mimi, siku ya pili baada ya kufungwa, kwa bisibisi ya darasani.

Sasa swali lako.

Nae alikuja mwanzoni mwa kiangazi cha 1996. Nyumba ilikuwa imerudi mikononi mwetu mwaka mmoja tu, na ilikuwa magofu. Kila mtaa watu walikuwa wakigeuza vyumba vya chini kuwa maduka. Ulikuwa ukitoka asubuhi unasikia nyundo kila upande, kama harusi. Nae alisema atapanga kwa miaka kumi, lakini anataka dirisha moja pana, lisilokatwa na nguzo katikati. Nilimwita mhandisi aliyekuwa mwanafunzi wangu. Alitazama, akasema, "Mwalimu, hapana," akakataa hata kahawa. Nilimwona mwoga. Nikachukua daftari, nikapiga hesabu mwenyewe kwa jedwali la kitabu cha shule. Boriti niliipata kwenye vyuma vikuukuu vya kiwanda kilichofungwa. Watu wawili kutoka kijijini waliikata nguzo kwa siku tatu, na mimi ndiye niliyechora mstari wa chaki wa kukatia.

Yote haya Eufrosina amekwisha kukwambia, au ungeyapata mwenyewe. Ni ujinga na tamaa, na ujinga una msamaha wake. Kama ningeishia hapo ningekufa nimelala vizuri.

Wiki ya kwanza ya masomo niliona ufa juu ya mlango wetu wa chumba cha kulia, namba mbili, pale tulipokuwa tunakuwekea alama za kimo chako. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Shuleni tulikuwa na vioo vyembamba vya hadubini. Nilichukua kimoja, nikakibandika juu ya ufa kwa plasta, upande huu na upande ule. Wajenzi wa zamani walifanya hivyo: kioo kikibaki kizima, nyumba imetulia, kikikatika, nyumba inakwenda. Uliniuliza ni nini. Nilikwambia ni jaribio la darasani. Ulikuwa unakula plamu, ukanitemea kokwa kiganjani, ukasema, "Basi usisahau kujipa maksi."

Nilikibandika siku ya Ijumaa. Jumapili, tuliporudi makaburini kwa mama yako, kilikuwa kimekatika vipande viwili.

Sikumwita mhandisi, wala sikuwagongea waliokaa juu. Ningeweza kuweka magogo chini ya boriti siku hiyo hiyo na kumrudishia Nae fedha zake. Nilikaa mezani nikafikiri mpaka giza likaingia, na nilichokuwa nikikifikiria hakikuwa nyumba. Nilifikiria kitanda chako, kilichokuwa kando ya ukuta wa mtaani.

Mapafu yangu hayajawahi kuugua, Smaranda. Jumatatu asubuhi, ulipokuwa unasuka nywele uende shule, nilianza kukohoa. Jumanne niliandika tangazo kwa mkono wangu, nikalibandika mlangoni: fleti namba mbili, vyumba vitatu, nyumba imara, inafaa familia yenye watoto.

Baba yako,
Corneliu Vâlsan